Salama bosi, ila...

Madumu yalikuwa yamepangwa ukutani, upande wa kushoto ukiingia stoo, nyuma ya viroba vya sukari. Mafuta ya kula, lita 20 kila moja. Niliyahesabu nikiyagusa moja moja kwa kidole: 46. Nikarudia, 46. Kwenye mfumo wetu hayakuwepo. Mfumo ulisema yalishapokelewa madukani siku nyingi, na wenye maduka walikuwa wanadaiwa pesa yake.

Nikamgeukia kijana wa stoo. "Haya yana muda gani hapa?"

"Wiki ya tatu sasa, bosi."

Akaenda mezani kwake akarudi na kauntabuku. Kila dumu lilikuwa na mstari wake: tarehe, gari lililolirudisha, duka lililolikataa, saa. Mwandiko safi wa kalamu ya bluu, na pale alipokuwa na shaka amepiga mstari kwa nyekundu. Kwa wiki tatu kijana huyu alikuwa ameshika ukweli wa kampuni yangu mkononi, na katika wiki hizo tatu sikukosa hata asubuhi moja kupita mlangoni kwake nikamuuliza, "Stoo, vipi?" Naye akanijibu, "Salama bosi."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Alitazama chini kwa muda. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, bila lawama, "Nilisema ile wiki ya kwanza nilipoajiriwa, kuhusu kitu kingine. Ukaniambia nifuate mfumo."

Mimi sikukumbuka. Yeye alikumbuka hadi mahali nilipokuwa nimesimama, na nani walikuwepo wakisikia.

Hiyo ilikuwa Agosti 2023, na tulikuwa watu 19. Nimeandika mara nyingi kwenye kurasa hizi kuhusu mtaji, kuhusu magari, kuhusu bei ya mafuta. Leo nataka kuandika kuhusu lile neno dogo alilolimeza kijana wa stoo, kwa sababu nimekuja kuamini kwamba kampuni changa inakua au inakufa kwa neno hilo.

Kwa msomaji mgeni: sisi tunawachukulia mzigo wenye maduka ya mtaani, yale ambayo Dar tunayaita kwa Mangi. Tunanunua kwa wauzaji wa jumla wa Kariakoo, tunapakia kwenye kirikuu, yale magari madogo ya mizigo, tunashusha mlangoni. Wengine wanalipa taslimu, wengine tunawapa mali kauli, walipe baadaye. Mwenye duka wa Mbagala akifunga duka aende Kariakoo mwenyewe, nusu siku ya mauzo imekwenda, na nauli juu. Tulianza mwaka 2021 tukiwa wanne, chumba kimoja, meza moja. Watu wanne hamna haja ya kikao. Mmoja akiguna, wote mmesikia.

Yale madumu yalifikaje ukutani? Dereva akifika dukani na Mangi akakataa mzigo, labda bei imeshuka tangu aagize, labda hana pa kuuweka, programu yetu kwenye simu ilimpa kitufe kimoja tu: Imepokelewa. Asipokibonyeza, safari haifungi. Safari isipofungwa, hapati posho ya siku. Kwa hiyo alibonyeza, akalirudisha dumu stoo, akaenda zake nyumbani. Yule kijana anayetengeneza programu alikuwa anakaa hatua 20 kutoka stoo. Alipoambiwa, aliongeza kitufe cha pili kabla ya chakula cha mchana.

Asubuhi moja ya kazi, basi. Lakini habari yenyewe ilihitaji wiki tatu kutembea hizo hatua 20.

Nilizunguka kwa wenye maduka wote walioandikiwa deni wasilodaiwa, mmoja mmoja, kuomba radhi. Mangi mmoja wa Temeke aliniambia jambo ambalo lilinikosesha usingizi kuliko hasara yenyewe. "Niliwapigia mara tatu. Dada wa simu akaniambia mfumo unaonyesha nimepokea." Kumbe hata dada wa simu alikuwa amejua, na yeye pia alikuwa amefuata mfumo. Habari ilifika mlangoni kwetu kwa njia mbili na njia zote mbili zikafungwa. Na aliyezifunga ni mimi, kwa sentensi moja niliyoitamka nikiwa na haraka.

Baada ya hapo nilianza kusikiliza namna tunavyosalimiana kazini. Kiswahili kina taratibu yake. Ukiulizwa habari, unajibu nzuri. Hata mwenye mgonjwa wodini akiulizwa habari za mgonjwa anajibu, "Nzuri, ila bado hajaanza kula." Mwenye msiba anajibu, "Salama, ila tumeondokewa." Jibu jema ni la adabu, linatangulia. Ukweli unakuja nyuma, baada ya ila. Na lugha yetu ina akili ya ajabu hapo: ila ni lakini, na ila ni kasoro. Kizuri hakikosi ila, walisema wazee.

Kosa langu la kila siku lilikuwa hilo. Niliuliza vipi huku natembea. Nikisikia salama, nilikuwa nimeshafika mlango wa pili. Kijana wa stoo alibaki na ila yake mdomoni, na baada ya kubaki nayo siku kadhaa akaacha kuileta.

Kuna hesabu ndogo ambayo ingenisaidia kama ningeifanya mapema. Chukua idadi ya watu, zidisha kwa idadi hiyo ukiitoa moja, gawa kwa mbili. Unapata idadi ya jozi za watu wanaoweza kuzungumza. Watu 4, jozi 6. Watu 19, jozi 171. Leo tuko 37, na jozi ni 666. Watu wameongezeka karibu mara tisa, njia za maneno zimeongezeka mara 111. Hakuna binadamu anayeweza kukaa katikati ya njia hizo zote akasikia kila mguno. Taarifa zinaanza kupitia kwenye milango michache, na kila mlango una mtu anayeamua nini kipite na nini kibaki. Mtu huyo haamui kwa kusoma karatasi ya maadili tuliyobandika ukutani. Anaamua kwa kukumbuka yaliyompata yule wa mwisho aliyeleta habari mbaya.

Sasa, wapo watakaosema shida ni heshima. Kwamba Waswahili tunaogopa wakubwa, tuache mambo ya shikamoo na bosi, tuitane majina kama kampuni za teknolojia za California. Tulijaribu. Mwaka 2022 tulipitisha kabisa kwenye kikao kwamba kila mtu aitwe jina lake la kwanza. Dereva wetu mkubwa alikuwa na miaka 58. Vijana walishindwa kumwita kwa jina tupu; wakawa hawamwiti kabisa, wanamsogelea tu na kuanza kuongea. Na yeye, mtu mpole asiyelalamika, alikaa kimya zaidi kuliko zamani. Mwezi haukuisha tukaacha. Shikamoo ikarudi asubuhi iliyofuata, na nakwambia ofisi ilipumua.

Kwa sababu heshima yenyewe ina mlango wa mdogo kumwambia mkubwa, na sote tuliokulia kwenye nyumba za watu tunaujua. Nilikulia Tanga. Nyumbani, babu akikosea jambo hakuna aliyemkosoa mbele ya wageni, hilo lisingewezekana. Lakini mjomba wangu aliinuka, akasema "Mzee, naomba tuongee kidogo," wakatoka hadi chini ya mwembe, na waliporudi jambo lilikuwa limebadilika. Pembeni pana kazi yake. Ofisini kwetu palikuwa na wakubwa na palikuwa na wadogo, ila hapakuwa na mwembe.

Basi tukaweka benchi. Namaanisha benchi la mbao, nje ya stoo, kwenye kivuli cha paa. Kila Jumatano baada ya chai ya saa nne nakaa hapo nusu saa, simu nimeiacha ndani. Anayetaka kukaa anakaa. Wiki ya kwanza hakuja mtu. Ya pili hakuja mtu, na ilikuwa aibu kukaa pale watu wakipita na kunisalimia. Ya tatu alikuja mpakiaji, akakaa ukingoni kabisa mwa benchi, akaniambia kwamba glovu za kupakia zimeisha tangu mwezi uliopita na nondo za kirikuu zinawachana mikono. Akanionyesha kiganja. Glovu zilinunuliwa siku hiyohiyo, kabla ya saa kumi, na alizigawa yeye. Jumatano iliyofuata walikuja wanne.

Sikufurahia glovu kama glovu. Nilielewa kwamba alikuwa ameniletea kitu kidogo makusudi, kupima kama daraja linabeba, kabla ya kupitisha kizito.

Kikao cha asubuhi nacho tulikibadilisha. Siulizi vipi tena. Kila idara inasema ila yake: stoo ila ni ipi, magari ila ni ipi, simu ila ni ipi. Ukisema huna ila, unaulizwa mara ya pili, kwa upole, na tunanyamaza tukingoja. Kile kimya ndicho kigumu. Mimi nimezoea kujaza kimya kwa maneno yangu, na imenibidi nijifunze kushika ulimi kama mtoto anavyojifunza kushika kalamu. Watu wenyewe wakakiita kikao cha ila. Mficha maradhi kilio humuumbua, anapenda kusema yule dereva mkubwa kila kikao kinapoanza, na vijana wanaitikia.

Jambo la tatu tuliliazima mbali. Kwenye viwanda vya Toyota kule Japani, mfanyakazi wa kwenye mstari wa kuunganisha magari akiona kasoro anavuta kamba iliyopita juu ya sehemu yake. Taa inawaka, kiongozi wake anamfuata pale alipo, na tatizo lisipotatuliwa upesi mstari unasimama. Wanaiita andon. Sisi hatuna kiwanda. Tukaweka kanuni moja: mtu yeyote, hata kibarua wa siku, akisema "simamisha", mzigo hautoki mpaka ila yake isikilizwe.

Kanuni kwenye karatasi haina uzito. Uzito ulikuja Aprili 2024, masika yalipokuwa yamekolea na maji yamejaa kila mahali mjini. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, kirikuu imeshawashwa, kibarua aliyekuwa na wiki ya pili tu kazini akasema simamisha. Turubai lilikuwa limechanika usiku, na viroba vya unga wa sembe vya safu ya chini vilikuwa vimelowa pembeni. Dereva akafoka. Msimamizi wa magari akafoka. Nilipofika, yule kijana alikuwa amesimama mbele ya gari mikono nyuma, kama mwanafunzi anayengoja fimbo, na watu kama kumi wamezunguka.

Niliinama nikagusa kiroba. Kweli kilikuwa na unyevu, pembe moja, upana wa kiganja. Nikisema kweli, mawazo yangu ya kwanza yalikwenda kwa wateja 14 wa Mbagala waliokuwa wanafungua maduka saa ileile. Ningeweza kusema pitisheni, si mbaya sana, na nisingekuwa nimedanganya. Lakini nilihisi wale watu kumi hawasikilizi maneno, wananitazama uso. Nikamshika mkono kijana, nikasema, "Asante sana. Shusheni." Tukashusha viroba 30. Safu ya chini, ndani, unga ulikuwa umeshaanza kushikana mabonge.

Hiyo ilikuwa rahisi, maana alikuwa sahihi. Mtihani wenyewe ulikuja wiki mbili baadaye, mwingine aliposimamisha mzigo kwa kosa. Alisoma vibaya tarehe ya kuisha muda kwenye katoni za maziwa, akatuchelewesha saa mbili. Naye tulimshukuru mbele ya watu, kwa maneno yaleyale. Msimamizi wa magari hakukubaliana nami siku ile na hadi leo hakubaliani. Lakini mimi naona tukimshukuru aliyepatia peke yake, kesho kila mtu atataka awe na hakika kabla hajasema, na hakika huja ikiwa imechelewa.

Nina ugomvi na neno moja ambalo waanzilishi wenzangu wanalipenda: sisi hapa ni familia. Familia haimwachishi mtoto kwa sababu mauzo yameshuka. Familia haina saa za kutoka. Nimeona neno hili likitumika kumfanya mtu abaki ofisini hadi saa tatu usiku bila malipo na aone haya kuuliza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimwiti mwajiri na mfanyakazi familia. Inasema saa 45 za kawaida kwa wiki, saa za ziada kwa malipo ya mara moja na nusu, likizo ya siku 28 kwa mwaka, siku 84 kwa mama aliyejifungua na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Nilikuwa naichukulia kama kitabu cha wanasheria. Sasa ndiyo naona ni sura ya kwanza ya utamaduni wowote wa kazi, na mambo ya benchi na vikao yanakuja baada yake.

Na mshahara. Mwaka 2022 tulichelewesha mshahara kwa siku tisa kwa sababu mteja mmoja mkubwa alikuwa hajalipa. Tulinyamaza, tukitumaini pesa itaingia kesho, kesho, kesho. Katika siku hizo tisa madereva wawili walikwenda kukopa kausha damu, ile mikopo ya riba kali, ili walipe kodi ya chumba, na riba ile waliihangaikia miezi. Mimi sikujua hadi mke wa mmoja wao alipoongea msibani, kwa bahati tu. Hakuna kikao cha ila kinachoweza kusimama juu ya jambo kama hilo. Tangu wakati huo, kama kuna hata dalili kwamba pesa haitakuwepo tarehe 25, watu wanaambiwa wiki moja kabla na wanaonyeshwa salio. Imetokea mara moja. Hawakufurahi, lakini walijipanga, na hakuna aliyekwenda kwa kausha damu. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, hivyohivyo: mchango ni asilimia 20 ya mshahara, mfanyakazi hakatwi zaidi ya nusu yake, na kumkata mtu halafu usipeleke ni kumwibia uzeeni. Sina neno laini zaidi kwa hilo. Unataka watu wakuletee ukweli, anza na wewe kuwapa wao.

Kuhusu kuajiri nitasema kidogo. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwetu jembe ni kirikuu. Awe mhasibu, awe wa masoko, wiki yake ya kwanza anapakia, anapanda gari, anashusha Manzese na Tandale. Dada mmoja aliyetoka benki alishusha sukari siku nzima na jioni akatuambia kwamba fomu yetu ya mali kauli imeandikwa kwa maneno ambayo hakuna Mangi aliyeelewa hata moja. Tulikuwa tunaitumia kwa miaka miwili. Anayekuja na macho mapya anaona ila bila kutafuta, ila macho hayo yanadumu wiki chache tu, kisha anazoea kama sisi.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za intaneti za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na nchi yetu ilikuwa kati ya zilizoumia zaidi. Jumatatu asubuhi mfumo haukufunguka. Oda hazionekani, ramani hazionekani, madeni hayaonekani. Nilifika ofisini moyo ukinienda mbio. Kijana wa stoo alikuwa ameshaweka kauntabuku tatu juu ya meza. Tangu yale madumu tulikuwa tumemwomba aendelee kuandika kwa mkono, kila kinachoingia na kutoka, kama shahidi wa pili wa mfumo. Alikuwa na oda za Jumamosi zote. Dada wa simu aliwapigia wenye maduka mmoja mmoja kwa simu ya kawaida, dereva mkubwa akapanga njia kwa kichwa. Magari sita kati ya saba yalitoka kabla ya saa tatu. Hakuna mtu aliyeningoja niseme kitu.

Yule kijana sasa ni mkuu wa stoo. Na mwezi uliopita alinikuta kwenye benchi, Jumatano, akakaa.

Tumefungua stoo Mwanza, watu sita, na kila asubuhi nawapigia. Nauliza ila ni ipi leo. Wanajibu hakuna ila bosi, salama. Wiki ya sita hiyo. Nilikuwa nimeshakata tiketi ya basi niende mwenyewe, nikae nao, nipakie nao alfajiri wanione.

"Bosi, samahani," akasema. "Ukienda wewe, watasema salama. Nitume mimi."

Nilikaa kimya kidogo. Kisha nikaenda kubadilisha jina kwenye tiketi.